Alama za binti yangu zilipanda miaka miwili, kumbe alikuwa haelewi anachosoma

Kwenye ukuta wa mbao wa kibanda changu cha kushonea, Mbagala, kuna namba sita nilizoziandika kwa chaki ya fundi, kisha nikazipitia kwa maka peni zisifutike: 11, 14, 17, 21, 24, 28. Ni alama za Kiingereza za binti yangu, kila moja kati ya 50, kuanzia mwisho wa darasa la tano mpaka mtihani wa mwisho wa kujipima akiwa la saba, mwaka 2022. Mteja akija kupimwa nguo nilikuwa namwonyesha. Tazama mtoto anavyopanda, nasema. Wengine walinipa hongera, mama mmoja akaniomba namba ya mwalimu wa tuisheni.

Naandika haya kwa mzazi mwenye mtoto wa la tano, la sita au la saba shule ya serikali, na zaidi kwa yule ambaye mtoto wake ameanza kidato cha kwanza mwaka huu na ripoti ya kwanza imemvunja moyo. Mimi nilipoteza zaidi ya mwaka na pesa nyingi nikitibu ugonjwa ambao haukuwepo, na ule uliokuwepo sikuuona.

Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya corona, binti yangu alikuwa darasa la tano. Zilifunguliwa mwisho wa Juni. Miezi mitatu na zaidi alikaa nyumbani, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa na kazi nyingi, nashona barakoa mchana na usiku. Habari ya kitabu sikumwuliza hata siku moja. Mwisho wa mwaka ule akaleta ile 11. Nikashtuka, nikafanya wanachofanya wengi hapa Dar: nikamwingiza tuisheni. Shilingi 500 kwa siku za shule, 1,000 Jumamosi. Kwa mwaka mzima ni kama 140,000. Sikuona tabu, maana alama zilianza kupanda mara moja.

Alipofika la saba mambo yakawa moto. Kambi, mtihani wa kujipima kila Ijumaa, hela ya karatasi, hela ya uji, mtihani wa wilaya, mtihani wa mkoa. Nikijumlisha na tuisheni, mwaka ule nilitoa zaidi ya 300,000. Walimu walijituma kweli, sina lawama nao, wengine walikuwa wanabaki na watoto mpaka giza linaingia. Ila kitu walichokuwa wanafanya muda wote huo ni maswali ya mitihani iliyopita. Maswali, majibu, masahihisho, maswali tena. Mtoto wangu hakusoma hadithi moja ya Kiingereza kuanzia mwanzo hadi mwisho mwaka mzima, na mimi sikujua kwamba hilo ni tatizo.

Mtihani wa taifa mwaka ule ulifanyika tarehe 5 na 6 Oktoba, kwa kuwa Agosti ilikuwa na sensa. Matokeo yalipotoka mwanzoni mwa Desemba, Baraza la Mitihani lilisema waliofaulu nchi nzima ni asilimia 79.62. Binti yangu alikuwamo: Kiswahili A, Kiingereza C, wastani B. Wanaojua shule zetu wanajua C ya Kiingereza ni jambo la kushukuru, kwa sababu Kiingereza na Hisabati ndiyo masomo yanayotuangusha kila mwaka. Nilipika pilau, nikaita majirani.

Wakati anasubiri matokeo alikuwa anasoma prifomu wani, yale masomo ya kujiandaa na kidato cha kwanza. Nilichagua kituo kilichojitangaza kwamba mpaka Desemba mtoto atakuwa amemaliza mada zote za muhula wa kwanza. 90,000, vitabu juu yangu. Alirudi na madaftari manne yaliyojaa, mwandiko mzuri, kila mada imepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Ningekuwa na akili niliyonayo leo ningekwepa kituo cha namna hiyo. Mtoto anayetoka kwenye Kiswahili miaka saba na kwenda kusomeshwa masomo karibu yote kwa Kiingereza hahitaji kuwahi mada za Januari. Anahitaji miezi ile mitatu ya kusoma Kiingereza chepesi, kukisikia na kukisema, basi.

Januari 2023 akaanza shule ya kata. Wiki za mwanzo walipewa yale mafunzo ya kuwazoesha Kiingereza, halafu masomo yakaanza. Machi akaleta karatasi za majaribio. Biolojia 14 kati ya 100. Jiografia 19. Historia 9. Kiswahili 71.

Hapa ndipo nilipokosea kuliko pote, na si kosa la pesa. Nilisimama mlangoni na karatasi zile mkononi nikamwambia, mbele ya mdogo wake na mpangaji mwenzetu, kwamba ameanza wanaume. Nikamnyang'anya simu. Nikamwambia aliyepata B hawezi kupata 9 kwa miezi mitatu kama hana mambo yake. Hakujibu. Alikaa siku mbili hasemi na mimi, anaosha vyombo, anachota maji, analala. Siku ya tatu nikamkuta uani, daftari la Historia liko mapajani, anakariri kwa sauti ndogo sentensi moja mara kumi, kumi na tano, huku macho yamefumbwa. Nikajisikia vibaya lakini sikuomba msamaha siku ile. Niliomba miezi mingi baadaye, na nadhani ilikuwa imeshachelewa kiasi fulani.

Aliyenifungua macho ni mteja. Mwalimu mstaafu, alifundisha shule za msingi Temeke miaka mingi, alileta suruali mbili za kupunguza kiuno. Wakati ananisubiri akazitazama zile namba ukutani.

"Mwanangu, hizi ni za nani?"

"Za binti yangu, mwalimu. Kiingereza. Lakini sasa yuko fomu wani, kaharibika."

"Umewahi kumsikiliza akisoma?"

Nikamwambia anasoma kila siku, mpaka usiku. Akasema hakuulizia hiyo. Anauliza kama nimewahi kukaa naye, akasoma ukurasa mmoja, kisha akanieleza alichosoma. Nikakaa kimya, maana jibu lilikuwa hapana. Miaka saba ya shule ya msingi nilikuwa nasaini ripoti.

Jumamosi ile alikuja kuchukua suruali zake, binti yangu akiwepo kibandani. Akatoa gazeti la Kiswahili mfukoni, akampa habari fupi kuhusu wazee wawili waliogombania mpaka wa kiwanja. Mtoto akasoma. Jamani, alisoma kama maji yanavyoteremka, hakugota popote, nikajisikia fahari. Mwalimu akauliza: "Kwa nini yule mzee wa kwanza hakutaka kwenda baraza la kata?" Binti yangu akarudisha macho kwenye gazeti, akatafuta kwa kidole neno "baraza", akasoma sentensi ile yote. Mwalimu akaweka kiganja chake juu ya habari, akaifunika.

"Usinisomee, mjukuu wangu. Niambie tu."

Akanyamaza. Akatazama kiganja cha mzee. Mimi nilikuwa nimeshika mkasi nikausahau mkononi. Sababu ilikuwa imeandikwa wazi, kwamba mjumbe wa baraza ni shemeji wa mpinzani wake, lakini imeandikwa sentensi tatu kabla ya hilo neno "baraza". Na hiki kilikuwa Kiswahili, somo alilopata A.

Baadaye alitueleza mwenyewe njia aliyokuwa anatumia, bila kujua kwamba kuna ubaya wowote. Unachukua neno la kwenye swali, unalitafuta ndani ya habari, ukiliona unachagua jibu lenye maneno ya jirani yake. Ukikosa unapiga ana ana ana doo. Kwenye karatasi zake za Kiingereza maswali 40 kati ya 45 yalikuwa ya kuchagua, na kila moja lina herufi tano. Asiyejua kusoma kabisa akitia kivuli kwa kubahatisha atapata kama 8. Ukimwongezea ujanja wa maneno jirani na mazoea ya maswali yanayorudiarudia, anavuka 21, na 21 ndiyo C inapoanzia. Nilipiga hesabu hiyo nyuma ya risiti ya vitambaa, nikaitazama ile 28 yangu ukutani.

Kuna jambo liliwahi kunitokea kazini, nikalikumbuka usiku ule. Futi ya kupimia ya kitambaa ikitumika miaka mingi inavutika. Lakini ukimpima mteja kwa futi hiyo na ukakata nguo kwa futi hiyo hiyo, huwezi kujua, maana kosa la kupima na kosa la kukata yanafutana na nguo inakaa vizuri. Mimi niliigundua yangu siku nilipoletewa vipimo vya sare za harusi vilivyochukuliwa na fundi mwingine. Nguo kumi na mbili, zote zikapwaya. Mwanangu alikuwa anafundishwa kwa karatasi za mtihani na anapimwa kwa karatasi za mtihani. Kidato cha kwanza ndiyo ilikuwa futi ya fundi mwingine.

Mwalimu alikuwa na kumbukumbu ya namba kuliko mtu yeyote ninayemjua, na alinisaidia kuona kwamba jambo hili si la nyumbani kwangu peke yake. Mwaka 2012 waliofaulu darasa la saba walikuwa asilimia 30.72. Mwaka 2020 wakawa 82.68. Kwa mzazi anayesikiliza redio, huo ni mlima uliopandwa. Lakini mtihani unabadilika kila mwaka, na asilimia hiyo inakwambia wangapi wamevuka mstari. Haikwambii kama wako anaweza kusoma ukurasa mmoja akauelewa. Waliowahi kupima hilo lenyewe ni watafiti wa mradi wa Uwezo, ambao hawakuwapimia watoto shuleni, walikwenda majumbani, wakamkalisha mtoto mmoja mmoja na kumpa silabi, maneno, aya na hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2010 walikuta watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu wanaweza kusoma hadithi hiyo ya Kiswahili, na ya Kiingereza mtoto 1 kati ya 10. Katika waliokuwa wanamaliza la saba, 1 kati ya 5 hakuiweza ile ya Kiswahili.

Halafu akaniambia kitu kilichonichanganya. Mwaka 2007 kulikuwa na upimaji wa SACMEQ, wa darasa la sita, nchi za kusini na mashariki mwa Afrika. Wastani waliojiwekea ni 500. Tanzania ilipata 578 katika kusoma, ikawa ya kwanza. Mwaka 2000 ilikuwa 546. Sasa watoto hawa hawa wanaongoza, na hawa hawa hawajui kusoma? Akanielewesha taratibu: SACMEQ walipima waliofika darasa la sita na siku ile wapo darasani, na watoto wetu walipimwa kwa Kiswahili wakati wenzao wengi walipimwa kwa Kiingereza. Uwezo walimkuta hata mtoro, hata aliyeacha. Nilichoondoka nacho ni hiki: mtoto wetu ana nguvu kwenye lugha anayoiota usiku, ndiyo mali yake, na Januari ya kidato cha kwanza tunampokonya. Ubishi wa lugha ya kufundishia nawaachia wenye ubishi wao. Mtoto wangu alikuwa ameshaingia darasani.

Kwa hiyo tulianza na Kiswahili. Hili ndilo lililokuwa gumu kwangu kulikubali, kwa sababu anafeli Kiingereza, na mwalimu ananiambia nimwache Kiingereza miezi miwili. Alisema asiyejua kuuliza "kwa nini" akiwa anasoma Kiswahili hataulizia kwa Kiingereza. Kila usiku baada ya kula, dakika 25. Ukurasa mmoja, wa gazeti, wa kitabu cha hadithi, hata wa maelezo ya dawa siku moja. Anasoma kimya, anafunga, ananieleza. Mimi nauliza maswali ambayo jibu lake halijaandikwa kwa maneno ya swali. Kwa nini alikasirika? Ingekuwaje kama mvua isingenyesha? Wiki za kwanza tulikuwa tunakaa kimya dakika nzima. Nawaomba wazazi msiogope ukimya huo na msiujaze. Mimi nilikuwa nauziba kwa majibu yangu, mpaka akanizoea, akawa ananisubiri nijibu.

Sihitaji kusema kwamba si kila mama ana usiku wa dakika 25. Mimi nashona. Kuna siku niliuliza maswali nikiwa napiga lupu, kuna siku nililala kabla ya yeye kumaliza ukurasa. Siku nne kwa wiki zilitosha.

Juni tukaingia Kiingereza, na tukaanzia vitabu vya darasa la tatu. Nilivipata vya mitumba kwa wauzaji wa barabarani pale Posta, 2,000 kimoja. Binti wa kidato cha kwanza, kimo kama changu, anashika kitabu chenye picha ya mbuzi na bibi. Aliona aibu mpaka machozi. Tulivifunika kwa karatasi za kaki zilezile anazofunikia daftari, akaandika juu "Biology", na hata rafiki zake wakija hakuna aliyejua. Kama mtoto wako amekwama, shuka naye mpaka pale anaposoma ukurasa bila kukwama zaidi ya maneno matatu manne, hata kama ni la pili, na mlindie heshima yake wakati ameshuka. Aibu ingetukwamisha kuliko Kiingereza chenyewe.

Hapo ndipo tuligundua jambo ambalo sijasikia likisemwa kwenye kikao chochote cha wazazi. Maneno makubwa alikuwa anayajua. "Photosynthesis" alilitamka na kulieleza kwa Kiswahili vizuri, kwa kuwa kila mwalimu analifafanua. Yaliyokuwa yanamwua ni madogo, yale ambayo hakuna mwalimu anayesimama kuyaandika ubaoni: unless, although, instead, therefore. Swali la jiografia lilikuwa na "unless", yaani "isipokuwa kama", katikati, yeye akaliruka, na jibu lake likawa kinyume kabisa cha kilichoulizwa. Tulinunua kaunta buku ndogo ya maneno hayo tu. Neno, sentensi alimolikuta, na sentensi yake mwenyewe kuhusu nyumbani kwetu. Ya "unless" aliandika kwamba mama halali umeme usipokatika. Yalifika kama sitini na kidogo, na naamini yale sitini yalimsaidia kuliko madaftari manne ya prifomu wani.

Nilikwenda shuleni pia. Mwalimu wake wa Kiingereza ana mikondo kadhaa, kila mmoja watoto wanaokaribia 90, na alinipokea vizuri nilipoacha kulalamika na kuomba kitu kidogo. Nilimwomba aya moja kwa wiki: mtoto anaandika aya, yeye anaipitia dakika mbili. Alikubali, na alitimiza karibu kila wiki. Ukienda kumwomba mwalimu wa shule ya kata "amsaidie mtoto", hana pa kuanzia. Mpelekee kitu cha dakika mbili.

Jumamosi mbili kwa mwezi alikwenda Maktaba Kuu, ile ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed iliyofunguliwa 1967. Mimi nimeishi Dar tangu mdogo na nilikuwa sijawahi kuingia ndani. Nauli yake ya mwanafunzi ilikuwa 200 tu. Alichopenda kule, alisema, ni kwamba hakuna anayemwuliza amepata ngapi. Na kwa asiyeweza kufika mjini, vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vipo kwenye maktaba yao ya mtandaoni, unasoma bure kwa simu. Simu nilimrudishia, ndiyo.

Sasa niseme na hili. Agosti 2023 niliona tunakwenda vizuri, nikarudia ugonjwa wangu. Nikachukua chaki, nikaanza kuandika ukutani kurasa alizosoma kila siku. 1, 1, 2, 2, 3. Baada ya wiki mbili akawa anasoma kurasa nne kwa usiku na hawezi kunieleza hata moja. Nilipomkaripia ndipo akasema maneno ambayo nayabeba mpaka leo: "Mama, tangu la sita nilikuwa sielewi. Ila namba zilikuwa ukutani, na unawaonyesha watu." Nilifuta zile za kurasa usiku ule ule. Zile sita za maka peni hazikufutika.

Matokeo ya mwisho wa kidato cha kwanza yalikuja na Biolojia 27, Kiingereza 38. Miezi tisa ya kazi ile yote, 27. Nilikaribia kurudi tuisheni, nilikuwa na 20,000 mkononi kabisa. Mwalimu mstaafu akaniomba nisubiri Machi, akasema kusoma kunaingia kama maji kwenye udongo mkavu, juu huoni kitu. Sikumwamini sana lakini sikuwa na pesa ya kupoteza tena. Machi 2024 Biolojia ikawa 36, Juni 41. Jambo lililonifurahisha halikuwa lile. Usiku mmoja wa Mei alikuwa anasoma sura ya Historia, akacheka peke yake. Nikamwuliza unacheka nini. Akasema mwandishi amejipinga, ukurasa wa juu amesema hivi, hapa anasema vile. Alikuwa sahihi.

Mtihani wa taifa wa kidato cha pili ukaja mwishoni mwa 2024. Nisiwadanganye, haukuwa muujiza. Kiswahili A, Kiingereza C, Jiografia C, Biolojia D, Historia D, Hisabati F. Hisabati tulikuwa tumeiacha nyuma tukihangaika na kusoma, na sasa tunailipia. Lakini asiyefikia kiwango hukariri kidato cha pili, na yeye ameingia cha tatu. Nilijumlisha gharama: tuisheni, kambi na prifomu wani vilikula zaidi ya 500,000. Vitabu vya mitumba, kaunta buku na nauli za maktaba havikufika 60,000.

Mwisho wa Januari 2025 mpangaji mwenzetu, kijana anayesoma ualimu pale chuo cha DUCE, Chang'ombe, alinionyesha kwenye simu matokeo ya Marekani. Wana upimaji wa kusoma kwa darasa la nane, watoto wa umri unaokaribia wa binti yangu, na wanalinganisha matokeo ya miaka mbalimbali tangu 1992. Walianza na 260, wakapanda mpaka 268 mwaka 2013, kabla ya corona walikuwa wameshashuka, 263 mwaka 2019, na 2024 wakawa 258. Nchi yenye vitabu vyote vile, na umeme usiokatika. Kilichonigusa ni kwamba wanajua wameshuka. Upimaji ule haumpandishi mtoto darasa wala haumfelishi, hakuna anayepelekwa kambi kwa ajili yake, na futi yao wanailinda isivutike. Kijana akasema angetamani tungekuwa na kitu cha namna hiyo kila wilaya. Na mimi natamani.

Mdogo wa binti yangu alikuwa la tatu mwaka 2024, kwa mtaala mpya atamaliza na darasa la sita 2027, mwaka ule ule na wale wa la saba, na Januari 2028 wote wataingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Nikifikiria darasa la watoto 90 likipokea vikosi viwili, napata joto. Ripoti zake nazisaini na kuziweka kwenye droo. Ukutani hakuna namba yake.

Jana huyu mdogo alikuwa kibandani baada ya shule, amekaa juu ya robota la vitambaa, anasoma hadithi ya mvuvi wa Kigamboni. Mimi napindia gauni. Akafika mahali akanyamaza. Nikasubiri. Akarudi nyuma, akasoma tena kimya, midomo inacheza.

"Mama," akasema, "hapa sijaelewa."

Nikasimamisha cherehani.